Baa za Mabaharia wa London, na Swali la Bibi

Kwenye kabati la Bibi, nyumbani kwake Tanga, kuna bahasha ya kaki yenye picha moja tu. Ni picha ya rangi, ila rangi zenyewe siku hizi zimegeuka zote kuwa za machungwa. Babu amesimama kwenye ngazi za mawe, suruali yake bugaluu, shati la kola pana, mikono mfukoni. Nyuma yake kuna ukuta wenye herufi chache zilizoingia ndani ya picha: RAMSGA. Ukiigeuza, utakuta ameandika kwa kalamu ya wino, "London, 1974". Basi. Hakuna salamu, wala "wako akupendaye".

Babu alikuwa baharia. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta mitambo kwenye chumba cha injini, kwenye meli za mizigo. Miaka ile Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa, tangu 1967 hadi 1975, kwa hiyo meli ya kutoka huku kwetu kwenda Ulaya ilibidi izunguke Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mtu akiondoka, ameondoka. Bibi alibaki na watoto wanne, na barua zilizofika zikiwa zimechakaa.

Swali la Bibi juu ya picha ile ni moja, na nimelisikia tangu nikiwa shule ya msingi: "Aliyempiga picha ni nani?"

Ukiitazama vizuri utamuelewa. Babu anatabasamu. Si lile tabasamu la studio, la kuambiwa "cheka kidogo". Anatabasamu na macho. "Tabasamu lile nalijua mie," Bibi husema. "Lile halipewi kila mtu."

Babu alifariki bila kulijibu. Kila akiulizwa alisema, "Mtu tu." Sasa msomaji, wewe ukiwa mke, mumeo yuko ng'ambo miezi saba, anakuletea picha anayomchekea "mtu tu", utalala?

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, na mimi Babu aliniita mchumba hadi siku zake za mwisho. Kwa hiyo Septemba iliyopita, mume wangu alipopelekwa na ofisi yake kwenye mafunzo ya wiki mbili London na mimi nikaomba likizo nimfuate, Bibi alinikabidhi ile bahasha. "Haya, mke mwenza. Nenda kamuone mumeo aliposimama. Na uniulizie."

Nyumba ya watu wote

Mwanzoni tulidhani RAMSGA ni mji wa Ramsgate, ulioko pwani ya Kent, mbali na London. Lakini nyuma ya picha Babu ameandika London. Ni mume wangu, ambaye kupiga picha ni ugonjwa wake, aliyegundua kwamba kuna baa London inaitwa Town of Ramsgate, eneo la Wapping, ukingoni mwa mto Thames. Pembeni yake kuna ngazi za mawe za zamani zinazoshuka mtoni, Wapping Old Stairs. Alinionyesha kwenye simu. Nywele zilinisimama.

Hebu nikueleze kidogo hizi baa, maana usizifananishe na baa zetu za viti vya plastiki na nyama choma. Waingereza huziita pabu, na jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote. Zile za mtoni zina historia yake. Kabla ya gati kubwa kujengwa London, meli zilitia nanga katikati ya mto, na watu pamoja na mizigo wakaletwa ukingoni kwa mashua. Mashua ilifikia kwenye ngazi, na juu ya ngazi palikuwa na baa. Baharia aliyeshuka na mshahara wake, mlango wa kwanza kuukuta ulikuwa huo. Hapo alikula, alilala, alipata habari za meli inayotafuta watu, na mara nyingi ndipo pesa yote ilipoishia.

Town of Ramsgate yenyewe ilipata jina kwa wavuvi wa mji huohuo wa Ramsgate, waliokuwa wakishusha samaki wao kwenye zile ngazi. Ni kama vile Dar kungekuwa na baa inaitwa "Mji wa Kilwa" kwa sababu ngalawa za Kilwa hufikia hapo.

Saa sita ipi?

Thames ni mto, lakini unapwa na kujaa kama bahari. Na si mchezo: wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katikati ya London hufika kama mita 7. Maji yakijaa, zile ngazi zinamezwa. Kwa hiyo ukitaka picha kama ya Babu lazima ujue maji yanapwa saa ngapi.

Kazi hiyo nilimpa mume wangu. Alitazama jedwali kwenye intaneti, akaandika kwenye karatasi: "Maji kupwa, 6." Mimi nikasoma saa sita. Saa sita ya mtu aliyezaliwa Tanga ni mchana, jua utosini. Tukatoka mapema, tukafika Wapping saa sita kasoro, tukapita kwenye kichochoro chembamba kando ya baa, tukatokea kwenye ngazi.

Maji yalikuwa yamejaa hadi ngazi za juu. Yanapiga ukuta, pwaa, pwaa. Hata pa kuweka mguu hapakuwepo.

"Si umeandika saa sita?"

"Nimeandika sita ya Kizungu. Saa kumi na mbili jioni."

"Sasa mimi na wewe tunaongea Kizungu tangu lini?"

Nitakuwa mkweli kwako msomaji, tulinuniana. Siku ile ilikuwa ya mwisho kabla ya kurudi, na nilimwambia maneno ambayo mengine sikupaswa kuyasema, kwamba yeye akishika kamera haoni kingine chochote. Yeye akanijibu taratibu, "Nikiishika nakuona wewe." Nikakosa la kusema. Ilibaki saa sita nzima ya kusubiri, safari hii kwa hesabu ya kila mtu. Tukaamua tuitumie kupiga picha baa nyingine za mabaharia, kisha turudi jioni.

Kamba na maharamia

Ukitembea kama robo saa kufuata mto, unafika Prospect of Whitby. Wenyewe wanasema mahali hapo pamekuwa na baa tangu kama mwaka 1520. Sakafu ni ya mawe mapana yaliyolainishwa na miguu ya watu, na dirisha la nyuma linafunguka mtoni kabisa. Jina lake ni la meli. Palikuwa na meli ya makaa ya mawe, Prospect, iliyosajiliwa Whitby, mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ilizoea kufunga karibu na hapo, watu wakawa wanasema "kwenye ile Prospect ya Whitby", jina likaihamia baa.

Ukitoka kwenye kibaraza cha nyuma unaona jambo la kushtua: mti wenye kitanzi cha kamba unaning'inia juu ya maji. Ni kumbukumbu ya Execution Dock, mahali maharamia waliponyongwa, hapo hapo Wapping. Wananyongwa, halafu maiti inaachwa hadi maji yajae na kupwa mara tatu juu yake. Maarufu kuliko wote ni Kapteni William Kidd, aliyetumwa kuwawinda maharamia halafu mwenyewe akashtakiwa kwa uharamia. Tarehe 23 Mei 1701 walimnyonga, kamba ikakatika, wakampandisha tena. Maiti yake ikatundikwa Tilbury, karibu na mdomo wa mto, iwe onyo kwa kila meli inayoingia. Watu wa mwisho kunyongwa hapo ilikuwa 1830. Kuna baa kadhaa Wapping zinazojinadi kwa habari hizi, na moja inaitwa Captain Kidd.

Mume wangu alipiga kile kitanzi na nyuma yake majengo marefu ya vioo ya Canary Wharf. Ni picha nzuri. Nilimwambia ni nzuri, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kupatana.

Chini ya mto

Kutoka Wapping unapanda treni kituo kimoja tu na unatokea ng'ambo ya pili, Rotherhithe. Ila hicho kituo kimoja ni cha ajabu. Treni inapita kwenye njia ya chini ya mto iliyojengwa na Marc Brunel na mwanawe Isambard, ikafunguliwa 1843. Mwanzo ilikuwa ya watembea kwa miguu, treni zikaanza kupita 1869. Hapakuwahi kujengwa njia kama hiyo duniani chini ya mto unaopitisha meli.

Rotherhithe tulikwenda kwa ajili ya baa ya Mayflower. Mwaka 1620 meli ya jina hilo iliondoka upande huu wa mto, na mwaka huohuo ikavuka Atlantiki na abiria 102 waliokwenda kuanza maisha Marekani. Nahodha wake, Christopher Jones, alikuwa mkazi wa hapo. Alirudi, akafa, akazikwa 1622 kwenye kanisa la St Mary, hatua chache kutoka kwenye baa. Baa yenyewe imebeba jina la Mayflower tangu 1957 tu, lakini ndani ukikaa, mbao nyeusi, dari ya chini, mishumaa, unasahau huo u-tangu-juzi wake.

Hapo tulichekesha watu. Tuliketi mezani, tukangoja mhudumu. Tukangoja. Dakika ishirini. Kumbe kwenye pabu kinywaji unakifuata mwenyewe kaunta na unalipa palepale! Kijana mmoja alitufahamisha kwa adabu. Mimi nilichukua juisi, mume wangu soda, tukala samaki na chipsi kwenye kibaraza cha mbao kilichosimama juu ya mto, maji yakipita chini ya miguu. Hakuna aliyetushangaa kwa kutokunywa pombe. Nilimuwaza Babu, ambaye hakuwahi kuonja, amesimama nje ya baa.

Baa hii inasifika pia kwa kuuza stempu za Uingereza na za Marekani, kwa ajili ya mabaharia waliotaka kutuma barua haraka kabla meli haijaondoka. Nikajiuliza Babu alinunua wapi zake. Barua zake Bibi anazo zote, kwenye bati la biskuti, na stempu hajazibandua hata moja.

Ambao hawako ukutani

Mchana ukiwa umeshaenda, tukabadili treni Shadwell, tukafika Limehouse. Kwenye mtaa wa Narrow Street kuna The Grapes, baa nyembamba kama jina la mtaa wenyewe, jengo la miaka ya 1720. Charles Dickens aliijua sehemu hii, na wengi wanaamini ndiyo aliyoichora kwenye riwaya yake ya Our Mutual Friend. Siku hizi mmoja wa wamiliki ni mwigizaji Ian McKellen, yule mzee wa ndevu nyeupe kwenye filamu za Lord of the Rings. Nje, katikati ya maji, imesimama sanamu ya chuma ya mtu, kazi ya Antony Gormley, peke yake inatazama mto.

Ndani ya baa zote tulizopita kuta zimejaa picha: meli, manahodha, maaskari wa majini, ramani. Nilizitazama moja moja nikitafuta mtu anayefanana na Babu. Sikumuona.

Na siyo kwamba hawakuwepo. Hapo hapo Limehouse, barabara ya West India Dock Road, mwaka 1857 lilifunguliwa jengo la kulaza mabaharia wa Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, kwa sababu walikuwa wakiachwa London bila pa kulala wala meli ya kuwarudisha kwao. Lilidumu hadi 1937. Meli za mvuke zilipoanza, watu wa pwani yetu waliandikwa kazi Zanzibar, wengi wao kuchochea makaa kwenye tanuri, kazi ambayo joto lake lilimshinda mtu aliyezoea baridi. Waingereza kwenye vitabu vyao waliwaandika "seedie", yaani sidi. Ndugu zetu hao walishuka kwenye gati hizi, wakatembea mitaa hii. Babu, fundi wa mafuta wa 1974, alikuwa wa mwisho mwisho kwenye mstari mrefu. Gati kubwa za Royal Docks zilikokuwa zikiingia meli kama yake zilifungwa 1981, na leo hapo katikati kuna uwanja wa ndege.

Nilimwambia mume wangu, "Hawa wote hawana picha hata moja hapa." Akasema, "Babu anayo." Nikaishika ile bahasha kwenye mkoba.

Saa kumi na mbili jioni

Tuliporudi Wapping maji yalikuwa yameondoka. Yaani usingeamini ni mahali palepale. Ngazi zote ziko nje, za chini zimefunikwa ukijani wa utelezi, na chini yake ufukwe wa kokoto, vipande vya vigae, mifupa, misumari ya meli iliyokula kutu.

Nikatoa picha. Nikapanda, nikashuka, nikalinganisha mawe na ukuta. Babu alisimama ngazi za juu, upande wa kushoto. Nikasimama hapo. Jiwe limechimbika katikati kama kinu, mguu unaingia wenyewe.

Mume wangu alishuka na kamera, ngazi kwa ngazi, akitafuta mahali ambapo ukuta na mimi tutaingia sawasawa kama kwenye ile ya zamani. Alishuka hadi mwisho wa ngazi. Bado. Akaingia kwenye kokoto, akarudi nyuma, akarudi tena, viatu vikazama kwenye tope, akapiga goti karibu na maji. Akapaza sauti, "Ni hapa! Aliyempiga picha alisimama hapa!"

Nikamwelewa hapohapo. Mahali pale, nusu ya siku ni mto. Nusu nyingine ni tope na utelezi. Mwanamke wa 1974 aliyetoka kujipamba, na raizoni zake mguuni, angefika vipi pale? Bila shaka alikuwa baharia mwenzake, aliyezoea kukanyaga popote.

Alipomaliza nikamwambia, "Sasa zamu yako." Maana usiku ule wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepitia picha zetu zote za safari, mia tatu na kitu, na yeye hayumo hata moja. Hata za fungate, hayumo. Alikuwa akinong'ona "mimi wa nini" alipopanda ngazi. Nikampiga. Mara akatokea mzee mmoja na mbwa wake, anatembea ufukweni, akanyoosha mkono kwa kamera, akatuashiria tusimame wote wawili. Akapiga, akarudisha, akaenda zake. Yote haikuzidi dakika mbili.

Kabla sijakuambia Bibi alisema nini

Mkitaka kwenda na mwenzako, zingatieni haya machache.

Tazameni jedwali la maji siku moja kabla, na mwandike asubuhi au jioni! Kila siku saa za maji husogea mbele kwa kama dakika 50.

Maji yakianza kujaa, pandeni mara moja. Mto ule unarudi kwa kasi. Vaeni viatu vya soli isiyoteleza, na msiokote kitu ufukweni, maana kutafuta vitu pale ni kwa kibali cha mamlaka ya bandari.

Ndani ya baa, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha watu. Agizeni kitu, hata chai. Mwanga wa dirisha la mtoni unatosha, zimeni taa ya kamera.

Wapping, Rotherhithe na Limehouse zinamalizika kwa siku moja. Mkipata siku ya pili, pandeni boti hadi Greenwich, kuna baa ya Trafalgar Tavern ya mwaka 1837 na meli ya Cutty Sark ya 1869 iliyokuwa ikibeba chai.

Na mkinuniana, msisubiri kurudi hotelini.

Jibu la Bibi

Nilikwenda Tanga wikiendi ya kwanza niliyopata. Bibi alivaa miwani, nikampangia picha mezani: ya Babu, na yangu pembeni yake. Nikamweleza habari ya maji, tope na raizoni. Nikamaliza kama wakili aliyeshinda kesi. "Kwa hiyo Bibi, alikuwa mwanamume. Mwanamke asingeweza kusimama pale."

Bibi alinitazama juu ya miwani. "Mwanamke akipenda huvua viatu."

Nikanyamaza. Hoja yangu yote, na nauli ya ndege, kwisha.

Akaendelea kuzipekua picha nyingine. Akafika kwenye ile ya mimi na mume wangu. Hiyo aliishika muda mrefu. Tumesimama ngazi moja, tope hadi kifundoni, tunacheka meno yote nje.

"Hii kapiga nani?"

"Mzee mmoja tu, Bibi. Alikuwa anapita na mbwa wake."

"Mnamjua?"

"Hatumjui."

"Na mnamchekea hivi?"

Sikujibu. Aliiweka ile picha chini, karibu na ya Babu, akawa anatazama moja, kisha nyingine, kisha ile ya kwanza tena. Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe vyake. Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa.

"Chukua kalamu," akaniambia. "Andika nyuma. Mzee mwenye mbwa. Wajukuu zenu wasije wakahangaika kama mie."